Dawa za ngozi: jinsi ya kupaka krimu, marhamu na jeli mpaka zifanye kazi

Kuna maswali yanarudi kila siku mpaka nimeona bora niyaandike sehemu moja. Nipake kiasi gani? Kabla ya kuoga au baada? Krimu na marhamu si kitu kimoja tu? Na lile kubwa kuliko yote: nimepaka wiki nzima haijaisha, nipe basi iliyo kali zaidi. Hilo la mwisho linaniumiza kwa kweli, maana ukimuuliza mtu alipakaje unakuta alipaka siku tatu vipele vikatulia akaacha, au alikuwa anapaka kiduchu ili tyubu ikae muda mrefu, au ni dawa ya fangasi kaiweka kwenye kitu ambacho siyo fangasi kabisa. Mara nyingi tyubu haina kosa, kosa lipo kwenye upakaji.

Sikupi jina la ugonjwa wako hapa. Nachukulia kwamba daktari, nesi au mfamasia ameshaiangalia hiyo ngozi na dawa unayo mkononi. Kama hujui unachotibu, anza na hilo kwanza, kwa sababu choa, ukurutu na aleji vinaweza kufanana sana kwa macho na dawa zake ni tofauti, tena dawa ya kimoja inaweza kukichochea kingine.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Dawa yenyewe pamoja na boksi lake na kile kikaratasi cha ndani. Usikitupe, ndicho kina majibu ya maswali mengi.
- Maji safi na sabuni ya kawaida isiyo na manukato makali.
- Taulo safi, na kama ni fangasi basi taulo ambalo hutumii na mtu mwingine.
- Kijiko kidogo kisafi kama dawa yako ipo kwenye kopo na siyo tyubu.
- Kalamu ya kuandika tarehe.
- Simu ya kupiga picha ya ngozi.

Tofauti zake, kwa ufupi tu

Marhamu ni mafuta mengi na maji kidogo au hakuna kabisa. Inang'aa, inanata, inafunga unyevu ndani ya ngozi, kwa hiyo inafaa ngozi kavu iliyopasuka, nene, kama viganja na nyayo. Krimu ni mafuta na maji vilivyochanganywa, inazama haraka, inafaa sehemu kubwa, mikunjo, na ngozi inayotoa majimaji. Jeli ni maji au spiriti iliyogandishwa, inakauka bila kuacha mafuta, inafaa sehemu zenye nywele na uso wenye chunusi, ila kwenye ngozi iliyochubuka itakuchoma. Dawa ileile kwa asilimia ileile ikiwa kwenye marhamu mara nyingi inapenya zaidi kuliko ikiwa kwenye krimu, kwa hiyo ukiandikiwa krimu usibadilishe mwenyewe kwa sababu tu marhamu ndiyo iliyopo.

Hatua ya 1: Soma tyubu, siyo rangi ya boksi

Jina kubwa ni la biashara. Chini yake kwa herufi ndogo kuna jina la dawa yenyewe na asilimia, na hilo ndilo unalotakiwa kulijua. Asilimia 1 maana yake kila gramu 1 ya krimu ina miligramu 10 za dawa. Sasa hapa watu wengi wanateleza: wanalinganisha asilimia za dawa tofauti. Haidrokotisoni ya 1% ni steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na kuwasha) nyepesi, klobetasoli ya 0.05% ni kali kupita zote za kundi lake. Namba ndogo lakini dawa ni kali mno. Usiwahi kusema "hii ni sifuri nukta ngapi tu haina madhara".

Soma mistari yote. Kuna krimu zina dawa tatu ndani ya tyubu moja, ya fangasi, ya bakteria na steroidi, na mtu anaiita "krimu ya fangasi" anapaka miezi. Ukiona jina linaishia na "sone", "olone" au "betasol" jua kuna steroidi ndani na uende kwenye sehemu ya steroidi huko chini kabla hujapaka.

Tarehe ya kuisha muda kwenye tyubu nyingi imegongwa kwenye ule mkunjo wa chini, pale tyubu ilipobanwa. Ukianza kuikunja ili utoe dawa yote tarehe inafichwa humo humo. Ipige picha leo.

Hatua ya 2: Fungua vizuri na uandike tarehe

Tyubu nyingi za bati zina kiwambo mdomoni. Usitafute pini wala ncha ya kisu, geuza kifuniko, upande wa nyuma kina kijiti chenye ncha, kibonyeze pale katikati na kitatoboa. Kama umenunua na umekuta kiwambo kimeshatobolewa, irudishe.

Andika tarehe uliyofungua. Baadhi ya bidhaa zina alama ya kopo lililo wazi na namba ndani, mfano 6M au 12M, yaani miezi 6 au 12 tangu ulipofungua, haijalishi tarehe kubwa inasema mwaka gani. Dawa ya kopo usichote kwa vidole, tumia kijiko, kwa sababu krimu ina maji na bakteria wanapenda maji.

Hatua ya 3: Nawa mikono, safisha eneo, kausha

Osha kwa maji na sabuni taratibu, bila kusugua, bila kukwangua magamba. Usisafishe na spiriti wala dawa kali za kuua wadudu wa sakafuni, unaiumiza ngozi ambayo tayari inaumwa. Kausha kwa kubonyeza bonyeza taulo. Kama ni fangasi ya miguuni kausha hasa katikati ya vidole, fangasi wanaishi kwa unyevu na dawa ikikaa juu ya maji inateleza tu. Mafuta ya kulainisha ni kinyume chake, hayo yapake dakika chache baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Dawa za chunusi za kundi la tretinoini na adapaleni subiri ngozi ikauke kabisa, kama dakika 20 hadi 30, zinawasha zaidi kwenye ngozi yenye maji.

Hatua ya 4: Pima kwa kidole

Hii ndiyo hatua watu wanairuka na ndiyo inayoamua mambo. "Paka kiasi" haina maana yoyote, kiasi cha mmoja ni robo ya kiasi cha mwingine. Kuna kipimo rahisi kilichoelezwa na madaktari Long na Finlay mwaka 1991, na hospitali nyingi duniani zinakitumia mpaka leo hasa kwa steroidi. Nyoosha kidole cha shahada cha mtu mzima. Minya dawa kuanzia kwenye mkunjo wa pingili ya mwisho mpaka ncha ya kidole, mstari mmoja, kwa tyubu ya kawaida yenye mdomo wa milimita 5. Hiyo tuite ncha 1. Ni kama nusu gramu hivi, na inatosha eneo sawa na viganja viwili vya mtu mzima vikiwa vimelazwa pamoja na vidole vyake.

Kwa mtu mzima:

- Uso na shingo: ncha 2 na nusu
- Mkono mmoja wote bila kiganja: ncha 3
- Kiganja pande zote mbili: ncha 1
- Mguu mmoja wote bila wayo: ncha 6
- Wayo mmoja: ncha 2
- Kifua na tumbo: ncha 7
- Mgongo na makalio: ncha 7

Sasa piga hesabu kidogo. Mtu ana ukurutu miguu yote miwili kuanzia juu mpaka nyayo. Kila mguu ni ncha 8, yaani gramu 4, miguu miwili gramu 8, akipaka mara mbili kwa siku ni gramu 16. Tyubu ya gramu 15 haifiki hata usiku! Halafu mtu huyohuyo anakuja anasema katumia tyubu moja mwezi mzima na dawa ni feki. Dawa siyo feki, haikuwahi kufika kwenye ngozi kwa kiasi kinachotakiwa. Ukiandikiwa dawa ya eneo kubwa uliza palepale tyubu ngapi zitatosha.

Mtoto anapimiwa kwa kidole cha mtu mzima, ila idadi inashuka. Wa mwaka 1 hadi 2: uso na shingo ncha 1 na nusu, mkono mmoja pamoja na kiganja 1 na nusu, mguu mmoja na wayo 2, kifua na tumbo 2, mgongo na makalio 3.

Siyo kila dawa inaenda kwa kipimo hiki. Tretinoini na adapaleni ni tone la ukubwa wa punje ya njegere kwa uso mzima, siyo kwa kila chunusi. Mafuta ya kulainisha ngozi hayana ubahili, paka kwa wingi. Dawa ya upele inapakwa mwili mzima, nitaieleza peke yake.

Hatua ya 5: Tandaza

Weka vidoa vidoa kwenye eneo lote kisha uviunganishe kwa kutandaza, badala ya kuweka bonge sehemu moja na kulivuta mpaka liishe. Fuata uelekeo wa vinyweleo, kutoka juu kwenda chini kwenye mikono na miguu. Ukisugua kinyume na vinyweleo, hasa na marhamu nzito, unaziba vishimo vyake na kesho yake unaamka na vijipu vidogo vidogo unasema dawa imekukataa. Ukimaliza ngozi iwe na mng'ao mwembamba, siyo tabaka jeupe lililolala juu.

Kwa fangasi paka mpaka nje ya doa, kama sentimita 2 kuzunguka pande zote. Choa kinakua kwa kutanuka, pale pembeni palipoinuka ndipo fangasi walipo wengi, na katikati panaweza kuonekana pamepona. Ukipaka katikati tu unatibu sehemu waliyoshaihama.

Hatua ya 6: Nawa mikono tena

Isipokuwa kama mikono yenyewe ndiyo inayotibiwa. Hapa usifanye mzaha. Jeli ya maumivu ya misuli au krimu ya pilipili ikiingia jichoni utajuta, na ukimpakia mtoto dawa kisha akaweka kidole mdomoni ameila. Kama unampakia mtu mwingine steroidi kali kila siku vaa glavu.

Hatua ya 7: Iache ifanye kazi

Usifunike kwa plastiki wala bandeji inayobana mpaka uambiwe. Kufunika kunaongeza upenyaji wa dawa mara nyingi, kwa steroidi inaweza kufika hata mara 10. Nepi ya mtoto inafanya kazi hiyohiyo ya kufunika, watu hawalifikirii hilo. Jeli za joto zenye mentholi na methili salisileti ndiyo kabisa, usifunge bandeji juu yake wala usiweke chupa ya maji ya moto, kuna watu wameungua ngozi mpaka malengelenge.

Kama unatumia dawa na mafuta ya kulainisha, ziachanishe kama nusu saa. Ukipaka moja juu ya nyingine hapohapo unaipunguza nguvu na unaisambaza kwenye ngozi nzima isiyoihitaji.

Jambo lingine ambalo halisemwi vya kutosha: nguo na mashuka yaliyolowa krimu na marhamu yanashika moto haraka sana, hata yale mafuta yasiyo na parafini. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari rasmi juu ya hili. Usivute sigara wala kukaa karibu na moto ukiwa na nguo hizo, na kuzifua kunapunguza tu, hakuondoi hatari yote. Jeli ya spiriti nayo isubiri ikauke kabisa kabla ya kusogelea jiko.

Hatua ya 8: Shika ratiba mpaka mwisho

Kila dawa ina mwendo wake, kikaratasi chako na aliyekuandikia ndio wa kufuatwa, lakini kwa kawaida:

- Klotrimazoli ya 1% kwa fangasi: mara 2 hadi 3 kwa siku, na unaendelea wiki 2 zaidi baada ya ngozi kuonekana imepona.
- Tabinafini ya 1%, nayo ya fangasi: mara 1 au 2 kwa siku, mara nyingi wiki 1 hadi 2 tu.
- Mupirosini ya 2% kwa vidonda vyenye bakteria: mara 3 kwa siku, isizidi siku 10.
- Asiklovia ya 5% kwa malengelenge ya mdomoni: mara 5 kwa siku, na uanze pale tu unaposikia kuwasha au kuchomachoma. Malengelenge yakishatumbuka faida yake ni ndogo.
- Steroidi: mara 1 au 2 kwa siku. Kupaka mara 4 hakuponyi haraka, kunaongeza madhara tu.

Hilo la wiki 2 za ziada kwenye klotrimazoli nalisisitiza. Kuwasha kunaisha mapema, ngozi inaonekana safi, lakini fangasi wachache bado wapo, ukiacha wanarudi na wewe unasema "imenirudia, hii haiishi". Umesahau kupaka? Paka ukikumbuka, kama muda wa mwingine umekaribia ruka, usipake mara mbili kwa mpigo.

Hatua ya 9: Piga picha

Siku ya kwanza, halafu kila baada ya siku chache, sehemu ileile, mwanga uleule. Macho yanasahau. Picha zitakuonyesha kama unapona au unajifariji, na daktari akiziona anakusaidia haraka zaidi kuliko maelezo ya mdomo.

Steroidi: soma hapa taratibu

Naziheshimu hizi dawa, zikitumika vizuri mtu mwenye ukurutu analala usingizi ambao hajaupata miezi. Tatizo ni kwamba zinatuliza karibu kila kitu kwa muda, hata kile ambacho hazikitibu. Ukipaka betamethasoni, ambayo ni steroidi, kwenye choa, kuwasha kunapungua siku mbili tatu na wewe unafurahi, huku fangasi wanatanuka chini kwa chini kwa sababu kinga ya ngozi imelazwa. Lile duara linapotea umbo, linakuwa doa kubwa lisilo na mpaka, hata daktari anapata shida kulitambua. Ukiacha linalipuka. Unapaka tena. Ndiyo mzunguko huo, na watu wanakaa nao mwaka.

Ngozi haifanani kila mahali. Utafiti wa Feldmann na Maibach wa mwaka 1967 ulipima haidrokotisoni inavyopenya, na ukilinganisha na sehemu ya ndani ya mkono wa mbele, paji la uso lilipitisha kama mara 6, ngozi ya korodani kama mara 42, na unyayo kama sehemu 1 kati ya 7. Kwa hiyo krimu uliyopewa kwa ajili ya nyayo usiipeleke usoni, kwenye kope, kwapani wala sehemu za siri. Ukifanya hivyo kwa muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba, inatoa michirizi isiyofutika, vimishipa vinaonekana, usoni vinatoka vipele vidogo kuzunguka mdomo, na karibu na macho inaweza kupandisha presha ya jicho.

Klobetasoli mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa wiki wala wiki 2 mfululizo bila daktari. Na kama umeshapaka kali kwa miezi usiikate ghafla, ngozi inaweza kugeuka nyekundu, ikawaka moto na kuvimba vibaya kuliko mwanzo. Nenda upewe mpango wa kushuka taratibu.

Kuna wanaozipaka kwa sababu zinang'arisha ngozi, au wananunua mkorogo ambao hawajui una nini. Naomba sana, acha. Baadhi ya krimu za kujichubua zimekutwa na zebaki, na zebaki inapita kwenye ngozi inafika kwenye figo, na waliomo nyumbani pia inawagusa kupitia mikono na mashuka.

Upele: hapa namna ya kupaka ndiyo tiba

Hapa nasema ule upele unaoletwa na wadudu wadogo wanaoingia kwenye ngozi, na dawa yake, permethrini ya 5%, ikipakwa kwenye vipele tu haifanyi chochote. Wale wadudu wapo mwili mzima hata pasipowasha. Fanya hivi:

1. Watu wote wanaolala nyumba moja wapake usiku uleule, hata asiyewashwa. Watoto chini ya miezi 2 na wajawazito waulizie kwanza.
2. Kata kucha. Paka kwenye ngozi iliyopoa na kukauka, siyo mara tu baada ya kuoga maji ya moto.
3. Paka kuanzia shingoni mpaka nyayo: katikati ya vidole, chini ya kucha, viwiko, kitovuni, chini ya matiti, sehemu za siri, makalio, nyayo. Kwa watoto wadogo na wazee kichwa na uso pia, ukikwepa macho na mdomo.
4. Iache saa 8 hadi 12, kisha oga. Ukinawa mikono katikati, paka tena mikono.
5. Asubuhi fua mashuka, nguo na taulo kwa maji ya moto. Visivyofulika vifunge kwenye mfuko wiki nzima, wadudu hawaishi muda mrefu bila ngozi ya mtu.
6. Rudia baada ya siku 7.

Kuwasha kunaweza kuendelea hata wiki 2 hadi 4 baada ya wadudu kufa, ni mwili unajibu mabaki yao. Usirudie kupaka kila siku kwa ajili hiyo, utaikausha ngozi na itawasha zaidi.

Jeli ya diklofenaki, haraka haraka

Hii ni jeli ya maumivu, inapakwa kwenye ngozi isiyochubuka, siyo kwenye kidonda. Ikiwa unameza vidonge vya kundi hilohilo, kama ibuprofeni, sema kwanza. Aliyewahi kubanwa na pumu kwa sababu ya aspirini asiitumie. Mjamzito asipake bila kuuliza, hasa kuanzia wiki ya 20.

Ukipata shida

*Inachoma nikipaka.* Dakika chache za kuchomachoma, hasa jeli au krimu kwenye ngozi iliyopasuka, ni kawaida. Ikizidi nusu saa, au kila ukipaka inakuwa kali kuliko jana, osha kwa maji na uache. Inawezekana ni aleji, na siyo lazima iwe ya dawa, inaweza kuwa ya kihifadhi au manukato yaliyomo. Kubadili krimu kwenda marhamu wakati mwingine kunamaliza tatizo, ila uliza kwanza.

*Wiki 2 za dawa ya fangasi na hakuna hata dalili ya kupungua.* Angalia picha, angalia kama ulipaka mpaka nje ya doa na kila siku. Kama ulifanya yote, pengine siyo fangasi, rudi ukaonwe. Na kama ni mapunye ya kichwani au fangasi ya kucha usihangaike na krimu, mapunye yanahitaji dawa ya kumeza kwa sababu fangasi wapo ndani ya mzizi wa nywele, kucha nazo mara nyingi hivyohivyo.

*Chunusi zimeongezeka baada ya kuanza dawa.* Wiki za mwanzo ngozi inaweza kukauka, kubabuka na hata kuchafuka zaidi. Paka siku moja ruka moja mpaka izoee. Subiri angalau wiki 6 hadi 8 kabla ya kuhukumu. Benzoili peroksaidi anza na 2.5%, na tumia taulo na foronya nyeupe maana inachuja rangi ya kitambaa. Tretinoini ni ya usiku, na mjamzito asiiguse.

*Krimu imejitenga, maji kando mafuta kando, au imebadilika harufu.* Tupa. Usiikoroge ukaendelea. Mara nyingi imekaa kwenye joto, kama ndani ya gari au juu ya dirisha lenye jua.

*Dawa ya ngozi naweza kupaka jichoni?* Hapana, hata kama jina ni lilelile. Marhamu ya macho inatengenezwa bila vijidudu na imeandikwa wazi kuwa ni ya macho.

*Nimeungua, nipake nini?* Hakuna cha kupaka kwanza. Maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, ya baridi ya kawaida siyo barafu. Dawa ya meno, mafuta na siagi vinashikilia joto na vinaleta uchafu kwenye kidonda. Krimu yenye silva na salfa ni kwa ushauri tu, na mwenye aleji ya dawa za salfa asipakwe.

*Naweza kumpa ndugu yangu iliyobaki?* Usimpe. Ana vipele, huna uhakika kama ni vilevile, na tyubu iliyogusa ngozi yenye maambukizi inabeba maambukizi.

Acha kupaka na uende hospitali leo

Homa pamoja na ngozi iliyovimba, yenye joto na maumivu yanayosambaa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo weka mgongo wa mkono ulinganishe joto na upande wa pili. Usaha au mstari unaopanda kutoka kwenye kidonda. Malengelenge mengi au ngozi inayovuka kama imeungua, hasa kukiwa na vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri. Uso au midomo kuvimba, au pumzi kubana baada ya kupaka. Kichanga mwenye vipele na homa au anayekataa kunyonya.

Ukienda beba tyubu zote ulizopaka, hata zilizoisha, pamoja na zile ulizopewa na jirani na zile unazoona aibu kuzitaja. Daktari akijua ngozi imepakwa nini hakisii, na kama atahitaji kukwangua kidogo ili kuangalia fangasi kwenye hadubini, mwambie lini ulipaka mara ya mwisho.